Mwili Nao Husema: Anayewasikiliza Wengine Ajifunze Kuusikiliza Mwili Wake



Ndugu msomaji, katika parokia zetu za Singida wamo watu ambao sehemu kubwa ya utume wao ni kusikiliza. Wengine wamesomea kazi hiyo: washauri nasaha, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii. Wengine hawakuisomea, lakini watu huwaendea kwa sababu wanawaamini. Yupo katekista anayegongewa mlango usiku, mama wa WAWATA anayeketi na mjane siku nyingi baada ya matanga kwisha, sista anayepokea wasichana wenye siri nzito, na padre ambaye watu humfuata hata nje ya kiti cha maungamo. Kutwa nzima hupokea habari za misiba, ndoa zilizovunjika, vijana waliopotea na wagonjwa wasio na tumaini la kupona. Jioni hurudi nyumbani shingo imekakamaa, kichwa kinagonga, na chakula hakipiti kooni. Wakiulizwa, hujibu kwamba ni uchovu tu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba uchovu wa namna hiyo una maana na haufai kupuuzwa. Elimu ya tiba ya nafsi, hasa ile iitwayo uchanganuzi wa nafsi, imetambua kwa zaidi ya miaka 100 mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, huzuni isiyopata maneno hutafuta njia ya kutokea mwilini. La pili, katika chumba cha mazungumzo kuna miili miwili, wa anayesema na wa anayesikiliza, na yote miwili huguswa na yanayosemwa. Mambo hayo hayapingani na imani yetu. Tukiyatazama vizuri, tutaona kwamba yanatusaidia kuielewa.

Mabinti wawili waliouguza baba zao

Uchanganuzi wa nafsi ulianzia katika jiji la Vienna, nchini Austria, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 madaktari wawili, Josef Breuer na Sigmund Freud, walichapisha kitabu kuhusu wagonjwa waliosumbuliwa na maumivu, kupooza au kukohoa bila sababu iliyoonekana katika vipimo vya wakati ule. Inafaa kukumbuka kwamba wawili kati ya wagonjwa mashuhuri wa kitabu hicho walikuwa mabinti waliokuwa wakiuguza.

Wa kwanza, aliyepewa jina la kificho la Anna O., alikuwa akimuuguza baba yake tangu mwaka 1880. Usiku mmoja alikaa kando ya kitanda, mkono wake wa kuume ukiwa juu ya egemeo la kiti, akapitiwa na usingizi, kisha akashikwa na hofu kubwa. Baadaye mkono ule ule ulipooza. Breuer alimtembelea na kumwachia aseme yaliyokuwa moyoni, na Anna O. mwenyewe ndiye aliyeyaita mazungumzo hayo tiba ya kusema. Ni haki kuongeza kwamba hakupona upesi kama kitabu kilivyoeleza, kwa maana alihitaji kulazwa tena hospitalini. Hata hivyo mwanamke huyo, ambaye jina lake halisi ni Bertha Pappenheim, alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa wanawake na watoto yatima wa jamii yake ya Kiyahudi nchini Ujerumani.

Wa pili aliitwa Elisabeth von R. Alimuuguza baba yake kwa takribani miezi 18, akilala chumba kimoja naye. Baadaye alipatwa na maumivu makali ya miguu, naye Freud akamtibu. Katika mazungumzo yao ilibainika kwamba sehemu ya paja ilikoanzia maumivu ndiyo mahali ambapo baba yake alikuwa akiegemeza mguu uliovimba kila asubuhi alipombadilishia bandeji. Mwili ulikuwa umeitunza kumbukumbu ambayo binti huyo hakuwa ameipa maneno.

Hivyo, elimu hii tangu siku zake za mwanzo ilikutana na watu waliochoka kwa kuwahudumia wengine. Mabinti hao hawakuwa wakijifanya wagonjwa. Walikuwa wamebeba upendo, hofu, uchovu na pengine hasira ambayo hawakuthubutu kuikiri, kwa sababu binti mwema hatazamiwi kuchoka na baba yake mgonjwa.

Lugha ya mwili katika nyumba zetu

Habari hizo za Vienna si ngeni kwetu. Msikilize mtu aliyefiwa au aliyeachwa, hata hapa kwetu. Mara nyingi hatasema kwamba ana huzuni. Atasema moyo unamwenda mbio, kifua kinawaka moto, kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu, au tumbo linasokota. Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe huweka hisia ndani ya viungo: tuna uchungu wa moyo, tunavunjika moyo, tunashusha pumzi, tunaumwa kichwa kwa mawazo. Wazee wetu hawakutenga nafsi na mwili kana kwamba ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. Kosa la kwanza ni kudhani kila maumivu yanatokana na mawazo. Anayeumwa kifua, tumbo au kichwa aende kwanza kituo cha afya apimwe. Shinikizo la damu, kisukari, malaria na vidonda vya tumbo havitibiwi kwa mazungumzo. Kosa la pili ni kumwambia mtu ambaye vipimo havikuonyesha kitu kwamba hana ugonjwa, au kwamba imani yake ni haba, au kwamba amerogwa. Maumivu yake ni ya kweli. Yanahitaji mtu wa kuyasikiliza kwa utulivu, na yakizidi yanahitaji mtaalamu.

Mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi hufanya nini, basi? Humpa mtu muda maalumu, mahali pale pale, saa ile ile, na uhuru wa kusema lolote linalomjia akilini. Husikiliza maneno, lakini pia hutazama mwili: mtu anashika koo anapomtaja nani, anaacha kupumua kwa kina anapofikia habari gani, anatabasamu huku machozi yakimlengalenga. Hamkatizi wala hamlazimishi. Polepole, jambo lililokuwa likisemwa na mwili tu hupata maneno, na likipata maneno linaweza kuombolezwa, kusamehewa au kuwekwa mikononi mwa Mungu. Tiba hii katika umbo lake kamili, ambapo mtu hulala kwenye kochi mara kadhaa kwa wiki kwa miaka, haijazoeleka nchini mwetu. Lakini mafundisho yake ya msingi yamo ndani ya mafunzo mengi ya ushauri nasaha.

Mwili wa anayesikiliza

Freud alikuwa na desturi ya kuketi nyuma ya kichwa cha mgonjwa. Alieleza waziwazi kwamba hakuweza kuvumilia kutazamwa usoni saa nane kwa siku. Katika ungamo hilo dogo kuna ukweli mkubwa, kwamba mwili wa tabibu nao huchoka. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba tabibu mwema ni yule asiyehisi chochote. Mwaka 1950 Paula Heimann, tabibu wa nafsi aliyefanya kazi London, aliandika makala yaliyobadilisha mtazamo huo. Alifundisha kwamba hisia zinazoamka ndani ya tabibu anapomsikiliza mgonjwa ni chombo cha kazi yake, mradi asizifuate kwa pupa, bali azitafakari.

Waliomfuata walitambua kwamba hisia hizo mara nyingi hutangulia kufika mwilini. Tumfikirie mshauri nasaha anayemsikiliza kijana akisimulia kifo cha mama yake kwa sauti kavu, kana kwamba anasoma tangazo. Kijana hatoi chozi, lakini mshauri anahisi donge kooni. Au tumfikirie katekista ambaye hushikwa na usingizi mzito kila anapozungumza na mtu mmoja fulani, ilhali na wengine hasinzii. Donge lile na usingizi ule vinaweza kuwa habari. Pengine msikilizaji amebeba huzuni ambayo kijana hajaweza kuibeba, na pengine usingizi ni ukuta wa kujikinga na jambo la kutisha lisilotamkwa. Lakini pia yawezekana mshauri ana msiba wake mwenyewe usiopona, au katekista hakulala vizuri. Ndiyo maana anayesikiliza wengine hana budi kuujua mwili wake. Asipoujua, atachanganya mzigo wa mwenzake na mzigo wake.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza ambaye pia alikuwa mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi, alilinganisha kazi hiyo na ya mama anayempakata mtoto. Mtoto hutulia kwa sababu mikono inayomshika ni imara, kabla hajaelewa neno lolote. Vivyo hivyo, mwenye taabu hutulizwa na uwepo wa mtu aliyetulia: sauti yake, pumzi zake, kutotazama simu. Winnicott alisisitiza pia kwamba mama mwenyewe anahitaji kushikwa na wengine ili aweze kumshika mtoto. Katika tiba ya nafsi kushika huko ni kwa mfano tu. Tabibu hamkumbatii wala kumpapasa mgonjwa, kwa maana aliyejeruhiwa anahitaji mahali ambapo mwili wake uko salama kabisa. Kanuni hiyo tuishike hata katika huduma zetu za kiparokia, hasa kwa watoto na vijana.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Waamini wengine huogopa elimu hii kwa sababu Freud hakuwa mtu wa imani, na alifundisha mambo kuhusu dini ambayo Kanisa haliwezi kuyakubali. Tahadhari hiyo ina msingi. Lakini Papa Pius XII, alipozungumza na wataalamu wa tiba ya nafsi tarehe 13 Aprili 1953, hakuikataa kazi yao. Alihimiza utafiti wao, akiwataka wamtazame mwanadamu kama mtu mzima, mwenye mwili na roho, anayewajibika mbele ya Mungu. Papa Fransisko naye, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 2017, alieleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi, mama wa Kiyahudi, mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita, ili kupata mwanga katika mambo kadhaa. Hakuona aibu kuyasema hayo hadharani.

Msingi wa yote ni fundisho la Kanisa kuhusu mwanadamu. Mtaguso wa Vienne, katika miaka ya 1311 na 1312, ulifundisha kwamba roho ndiyo inayoupa mwili wa mwanadamu uhai na umbo lake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikumbusha kwamba mwanadamu ni mmoja katika mwili na roho, na kwamba hatakiwi kuudharau mwili, kwa kuwa umeumbwa na Mungu na utafufuliwa siku ya mwisho. Mtakatifu Yohane Paulo II alitumia katekesi zake kuanzia mwaka 1979 hadi 1984 kufafanua teolojia ya mwili. Sakramenti zetu zenyewe hupitia mwili, yaani maji, mafuta, mkate, divai na kuwekewa mikono. Padre anapompaka mgonjwa mafuta katika paji la uso na mikono, Kanisa linakiri kwamba neema hukutana na mwanadamu hapo alipo, ndani ya ngozi yake.

Maandiko Matakatifu pia hayafichi uchovu wa wahudumu wa Mungu. Katika sura ya 17 ya Kitabu cha Kutoka, mikono ya Musa ililemewa alipokuwa akiwaombea watu wake vitani. Haruni na Huri walimketisha juu ya jiwe, wakaitegemeza mikono yake hadi jua lilipokuchwa. Hawakumlaumu kwamba amepungukiwa imani. Nabii Eliya alipotamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji mara mbili, ndipo safari ikaendelea. Na Bwana wetu Yesu Kristo, alipoguswa na mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12, alitambua kwamba nguvu imemtoka. Aliye Mungu kweli na mtu kweli hakupuuza kilichotokea katika mwili wake. Alisimama na kuuliza. Tena Mitume waliporudi kutoka katika utume wao, aliwaalika waende mahali pa faragha wapumzike kidogo.

Tuliyojifunza katika ardhi yetu

Mkoa wetu una historia ndefu ya huduma kwa wagonjwa. Hospitali ya Makiungu ilianzishwa mwaka 1954 na Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria, na kule Itigi Hospitali ya Mtakatifu Gaspar imewapokea wagonjwa kutoka mbali. Lakini pengine hakuna kipindi kilichotufundisha gharama ya kusikiliza kama miaka ya janga la UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004 tu. Katika miaka hiyo 20 na zaidi, wauguzi, masista na wahudumu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwaosha wagonjwa, wakisikiliza wosia, na kuwaahidi wazazi waliokufa kwamba watoto hawataachwa. Wengi walizika watu waliokuwa wamewazoea kama ndugu, na kesho yake wakaenda nyumba nyingine. Ni wachache walioulizwa wao wenyewe wanalalaje usiku.

Kutokana na mahitaji ya aina hiyo, masista hao Wamisionari wa Tiba wa Maria wamekuwa wakitumia, katika nchi mbalimbali za Afrika, Tanzania ikiwamo, mafunzo yaitwayo Capacitar. Ni mazoezi mepesi ya pumzi, mijongeo ya taratibu na kushika vidole vya mkono mmoja baada ya mwingine ili kutuliza hofu na hasira. Mazoezi hayo hayachukui nafasi ya sala, ya dawa wala ya mazungumzo na mtaalamu. Humsaidia mtu ambaye mwili wake umebaki katika hofu hata baada ya hatari kupita, akiwamo mhudumu mwenyewe.

Namna ya kujitunza

Ndugu unayewasikiliza wengine, haya ni mambo machache unayoweza kuanza nayo.

Kabla ya mazungumzo, kaa kimya dakika chache. Weka nyayo zote mbili chini, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kisha ujiulize: shingo yangu ikoje, tumbo langu likoje, nimekula? Mkabidhi Mungu mtu unayekwenda kumpokea. Ukijua ulivyokuwa kabla ya kuanza, utatambua kilichobadilika baadaye.

Wakati wa mazungumzo, mwili ukikupa ishara, usiogope wala usikimbilie kutoa mawaidha. Legeza mabega, pumua, endelea kusikiliza. Jiulize kimoyomoyo ishara hiyo ni yako au imetoka kwa mwenzako.

Baada ya mazungumzo, usiingie mara moja katika shida nyingine. Nawa mikono na uso kwa maji, tembea kidogo, kisha mtaje mtu yule mbele ya Bwana. Kazi za mikono, kama kupalilia alizeti au kutwanga, na kuimba kwaya kwa sauti kamili, huurudisha mwili katika hali yake.

Kwa wiki na mwezi, weka mipaka. Panga idadi ya watu unaoweza kuwapokea kwa siku, saa za kulala na siku ya kupumzika. Mtafute mtu mzoefu wa kuzungumza naye kuhusu namna kazi inavyokugusa, bila kutaja majina wala kutoa siri. Padre naye anaweza kueleza uchovu wake kwa mwelekezi wake wa kiroho pasipo kugusa kamwe siri ya maungamo, ambayo haivunjwi kwa sababu yoyote.

Mwisho, zijue dalili za hatari: kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kuwachukia watu unaowahudumia, kutegemea pombe ili kulala, kulia bila kujua sababu, au kuwaza kwamba afadhali kufa. Hapo usijitibu. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambako unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Kwenda Mirembe si aibu, kama isivyo aibu kwenda kufungwa mguu uliovunjika.

Wajibu wetu sote

Jambo hili haliwezi kuachwa juu ya mhudumu peke yake. Mtu aliyechoka mara nyingi ndiye wa mwisho kulitambua hilo, na akilitambua huona haya kusema. Kwa hiyo kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ijiulize: ni nani kati yetu ambaye sote humkimbilia? Nani humkimbilia yeye anasikilizwa na nani? Yafaa siku moja tumwendee bila shida yoyote, tumpelekee chakula, tumshike mtoto wake, au tumwambie apumzike nasi tutakwenda badala yake kumtembelea mgonjwa. Halmashauri za walei zikipanga bajeti, zikumbuke mafungo na mafunzo ya wahudumu hao. Haruni na Huri hawakungoja Musa awaombe.

Tunapouabudu Moyo Mtakatifu wa Yesu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tunauheshimu moyo wa nyama, uliodunda, uliohuzunika na hatimaye kuchomwa mkuki. Mkombozi wetu alitupenda kwa mwili. Nasi tunaoitwa kuwapenda wenzetu kwa kuwasikiliza, tuipokee miili yetu kama zawadi tuliyopewa kwa kazi hiyo, tuitunze, na tuisikilize inaposema kwamba imechoka.

Mwenyezi Mungu awabariki wote wanaobeba mizigo ya wenzao, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee. Amina.